Daktari Huyu Anaitwa Nani?

Barua ya wazi kwa wakuu wa shule za udaktari, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na Wizara ya Afya ya Kenya

Waheshimiwa,

Kila kundi jipya la wanafunzi linapoingia wodini, mambo huanza na karatasi. Karani wa idara huniletea orodha, nasimama mlangoni, naita majina, anayeitika namtilia alama. Nimefanya hivyo kwa miaka 19. Asubuhi moja niliita jina la kike na hakuna aliyeitika. Nikaliita tena. Wanafunzi wakaanza kuangalia viatu vyao. Mara ya tatu nilipaza sauti hata mgonjwa wa kitanda cha mwisho akainua kichwa, ndipo kijana mmoja aliyejificha nyuma ya wenzake, koti limefungwa vifungo hadi shingoni, akasema kwa sauti nzito kuliko yangu, "Nipo, Daktari."

Mzee wa kitanda cha pili akauliza ni mzazi gani huyo aliyempa mvulana jina la nyanyake. Wodi ikaangua kicheko. Nami nikacheka. Nalitaja hili mwanzoni msije mkadhani nawanyoshea kidole nikiwa nimekaa pembeni.

Saa saba mchana kijana alibisha mlango wa ofisi yangu akiwa na bahasha. Ndani mlikuwa na hati ya kubadili jina, nakala ya Gazeti Rasmi la Serikali lililoitangaza, na kitambulisho kipya. Kwa sheria za nchi hii, jina nililoliita mara tatu halikuwa lake tena. Alikuwa na ombi dogo: nilikate kwa kalamu kwenye orodha yangu, niandike lile jingine kando. Nikamwambia orodha si yangu, aende masjala. Baadaye nilikuja kujua kwamba masjala walimwambia jina la chuo hufuata jina la cheti cha KCSE, aende baraza la mitihani. Na kwamba hata huko wakikubali, ameshaandikishwa kwa Baraza la Madaktari tangu mwaka wa kwanza kwa jina la zamani, kwa hiyo itabidi aanze upya na huko pia. Mimi sikumuuliza lolote. Nilikuwa na kliniki ya mchana.

Kwa hiyo aliendelea kusimama nyuma. Hapa naomba mnisikilize kama walimu wenzangu, kwa sababu wengi wenu mmewahi kushika chaki. Udaktari haufundishwi kwa kitabu peke yake. Mwanafunzi anaujua moyo kwa kuitwa mbele, kuambiwa "sikiliza hapa, umesikia nini?", kukosea hadharani, kusahihishwa hadharani. Anayeogopa kuitwa hajifunzi. Nimeangalia tena daftari la maksi za mwaka ule. Kijana yule alikuwa na alama za juu sana kwenye mitihani ya kuandika, na alama za kawaida kabisa kwenye kazi ya wodini, na maoni ya wahadhiri watatu tofauti, mimi nikiwemo, yanafanana: mkimya, hajitokezi, haulizi maswali. Tulimpa adhabu kwa kitu tulichomfundisha wenyewe.

Yupo pia mwanafunzi mwingine, wa miaka ya karibuni, ambaye hajioni kuwa mwanamume wala mwanamke. Huyu aliomba tumwite Daktari pamoja na jina la ukoo, tuache "dada" na "kaka". Muuguzi mkuu wa wodi yetu, mama wa kanisa aliyekaribia kustaafu, alizoea kwa siku mbili. Kwa kweli Kiswahili kinaturahisishia kazi. Tukisema daktari amefika, amemwona mgonjwa, ameandika dawa, ametoka, hakuna anayejua aliyefika ni mwanamume au mwanamke, na mgonjwa hajapungukiwa kitu. Ugumu huanzia kwenye fomu: Me, Ke, weka alama. Na kwenye mazoea, kwa maana daktari wa kike akiingia wodini hadi leo anaitwa sista, hata akiwa profesa. Waulizeni wake na binti zenu walio kwenye taaluma hii. Kilichomwangusha mwanafunzi huyu ni mwongozo wa mavazi ya mtihani wa wodini, uliotaka wanaume wavae tai na wanawake sketi au suruali ya heshima. Alikuja na shati safi lililofungwa hadi juu, bila tai. Mtahini alitumia dakika nne za kituo cha dakika kumi akijadili shingo yake. Mgonjwa mwenye ini lililovimba alikuwa amelala pale akisubiri wamalize.

Nirudi kwa yule wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha.

Mwezi wa pili tulimlaza mgonjwa mwenye kikohozi cha muda mrefu, jasho la usiku, mwili umebaki mifupa. Kitambulisho kilisema mwanamume. Aliyekuwa kitandani alikuwa mwanamke, kwa mavazi, kwa sauti, kwa jina alilojitambulisha nalo. Kabla ya saa nne hospitali nzima ilikuwa na habari. Watu wa maabara walikuja kutoa damu mara tatu. Damu ilihitajika mara moja. Madaktari wa idara nyingine walipita "kusalimia". Mimi nilipanga wanafunzi kumi na mbili kuzunguka kitanda, nikafundisha, na sehemu kubwa ya nilichofundisha siku ile haikuhusu mapafu.

Kijana hakuwepo kwenye duara. Alirudi jioni peke yake, akavuta kiti, akakaa. Kesho yake kwenye raundi, kwa mara ya kwanza bila kuitwa, alijitokeza akasoma historia ya mgonjwa. Mama yule aliwahi kuanzishiwa dawa za kifua kikuu mwaka uliotangulia, akaziacha baada ya wiki sita. Aliziacha kwa sababu pale kliniki ya kifua wanaita majina dirishani, kwa sauti, kama yalivyo kwenye kitambulisho, mbele ya benchi lililojaa majirani zake. Wiki ya kwanza alistahimili. Wiki ya sita kuna vijana walimfuata hadi stendi ya matatu. Hakurudi. Sisi wote hatukuwa tumemuuliza. Kwenye faili, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kulikuwa kumeandikwa: mgonjwa mkaidi, hafuati dawa.

Mnajua vizuri kuliko mimi maana ya dawa za TB kukatizwa njiani. Vijidudu vinavyobaki ndivyo vinavyojifunza kushinda dawa, na havichagui benchi vitakalorukia. Jina lililopazwa dirishani liligeuka kuwa hatari ya mtaa mzima. Benki huita namba. Huduma Centre huita namba. Kliniki ya kifua inaweza kuita namba, na hiyo haihitaji hata bajeti ya nyongeza.

Siku ile ndipo nilipoanza kusoma, kwa kuchelewa sana, na kisa kilichonikamata ni cha daktari wa kifua kikuu. Alan Hart alihitimu udaktari katika jimbo la Oregon, Marekani, mwaka 1917, akiwa miongoni mwa wanafunzi bora kabisa wa darasa lake. Shahada ilitoka kwa jina la kike alilozaliwa nalo. Mwaka uliofuata, akiishi kama mwanamume, alipata kazi hospitalini San Francisco, na mtu aliyemfahamu tangu masomoni akamtambua na kumfichua. Akaondoka. Maisha yake yaliyofuata ni ya kuhama jimbo hadi jimbo, na katika kuhama huko akawa bingwa wa eksirei, mmoja wa waliosukuma matumizi ya picha ya kifua kugundua TB mapema, kabla mtu hajaanza kukohoa damu. Leo tunapopeleka gari la eksirei sokoni au gerezani kupima watu wanaoonekana wazima, tunatembea kwenye njia aliyosaidia kuichonga. Fikirini ni miaka mingapi ya kazi ile ilipotea kwenye kufunga virago.

Mwingine alipata bahati ya karani mwema. Michael Dillon, Mwingereza, alikuwa amesoma Oxford katika chuo cha wanawake. Cheti chake cha kuzaliwa kilirekebishwa mwaka 1944, na alipotaka kusoma udaktari Trinity College, Dublin, mwalimu wake wa zamani alimshawishi msajili wa Oxford kubadili kumbukumbu zake zisimtangaze. Kalamu ya ofisi moja. Dillon alihitimu udaktari mwaka 1951 na akatibu mabaharia melini. Mwaka 1958 magazeti yaligundua kwamba vitabu viwili vya koo za kikabaila vya Uingereza vimeandika jinsia yake tofauti, kimoja hivi na kingine vile, na habari ikamfikia melini. Alikimbilia India, akaacha udaktari. Yeye na Hart walifariki mwaka mmoja, 1962.

Huenda mnasema hayo ni ya Wazungu na ya zamani. Haya, tuje nyumbani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya Audrey Mbugua, mwanamke wa transijenda (aliyeandikwa wa kiume alipozaliwa, lakini anaishi kama mwanamke), dhidi ya Baraza la Mitihani la Kenya. Alikuwa amefanya KCSE mwaka 2001, akapata A ya kutoa, na cheti chake kilikuwa na jina na alama ya jinsia visivyolingana na maisha yake. Jaji Weldon Korir aliamuru jina libadilishwe na alama ya jinsia iondolewe, akieleza kwamba cheti hakihitaji alama hiyo ili kiwe kamili. Nani ameshawahi kupewa maksi za Kemia kwa kuwa Me? Zaidi ya miaka kumi imepita tangu hukumu hiyo, na bado masjala za vyuo vyetu zinazungumza kana kwamba jambo hili linaulizwa kwa mara ya kwanza.

Na Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa mwanamke mmoja wa transijenda fidia ya shilingi milioni 1 kwa namna alivyotendewa baada ya kukamatwa mwaka 2019, ikiwa ni pamoja na kupekuliwa mwili na kufanyiwa uchunguzi wa kitabibu wa kuthibitisha jinsia yake. Jaji aliitaka serikali iwe na sheria ya kuwalinda watu hawa. Katika habari zile watu walizungumzia polisi na magereza. Mimi niliganda kwenye maneno "uchunguzi wa kitabibu". Uchunguzi wa kitabibu hufanywa na watu wenye leseni zetu. Ni lini darasani tulimfundisha daktari kijana kwamba anaweza kukataa kumchunguza mtu asiyeridhia, hata akiletwa na askari?

Najua kuna mkuu mmoja anayesoma hapa na kusema: lakini wagonjwa watakimbia. Hoja hiyo nimeisikia kwenye kikao, na niliwahi kuitoa mwenyewe. Prachi Rathod wa Hyderabad, India, amesimulia hadharani kwamba aliachishwa kazi hospitali ya binafsi kwa hoja hiyo hiyo. Mwishoni mwa 2022 yeye na mwenzake Ruth John Paul waliajiriwa kama madaktari katika Hospitali Kuu ya Osmania, ya serikali, mji uleule. Hyderabad ni mji ambao Wakenya wenye ugonjwa wa figo na saratani wanauza mashamba ili wafike. Mgonjwa aliyekaa benchi tangu saa kumi na moja alfajiri anataka kujua daktari amefika au hajafika. Mwaka 2024 tuligoma siku 56, na sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa malipo ya maintani, yaani madaktari walio kwenye mafunzo ya kazini, kwa hiyo sihitaji kuwaeleza jinsi nchi hii inavyowatupa madaktari iliowasomesha. Huyu mnamtupa bure kabisa, bila hata kisingizio cha bajeti.

Wengine watataja dini na mila. Siwezi kuwafundisha dini. Ninachoweza kusema ni kwamba vitabu vya fiqhi vilivyosomwa pwani yetu kwa karne nyingi vina mlango unaomzungumzia huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja, haki yake na urithi wake, na sensa yetu ya 2019 ilihesabu watu 1,524 wa jinsi hiyo bila jedwali kuharibika. Huntha na transijenda si mambo mamoja, na sitaki mnisome kana kwamba nayachanganya. Nasema tu kwamba visanduku viwili havijawahi kututosha. Tena tangu Januari 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani haiweki tena hali ya kuwa transijenda miongoni mwa magonjwa ya akili. Lakini hadi mwaka jana nimeona mihadhara ya saikayatria ikilifundisha kwa slaidi za zamani, huku mwanafunzi anayehusika akinakili kuhusu nafsi yake.

Mambo mengine nayapitia haraka kwa sababu ni aibu kuyaeleza kwa urefu. Kwenye maabara ya stadi tunawagawa wanafunzi kwa jinsia wavue mashati wapimane vifua, na hatuna utaratibu kwa asiyeweza kuvua. Chumba cha kubadilishia nguo kabla ya upasuaji ni ukumbi mmoja wenye misumari ukutani. Kijana wangu alikuwa akija hospitali na nguo za upasuaji ndani ya nguo za kawaida, jambo ambalo kanuni za usafi zinakataza, na aliandikiwa onyo. Mlango mmoja wenye komeo ungetosha.

Ninachoomba kwenu kinakaa kwenye kalamu ya karani. Daktari mwanamke akiolewa na kuchukua jina la mume, hupeleka cheti cha ndoa, na daftari la madaktari hubadilishwa. Wenzangu kadhaa wamefanya hivyo, na mmoja amerudisha jina la zamani baada ya talaka, bila yeyote kupoteza usingizi. Namba ya usajili hubaki ileile. Mwanafunzi mwenye hati halali ya kubadili jina apewe njia hiyohiyo: chuo kirekebishe orodha, beji na shahada, Baraza lirekebishe daftari, na kwenye daftari la mtandaoni ambalo kila mtu anaweza kulifungua, jina la zamani lisibandikwe pembeni kama kovu. Kisanduku cha Me na Ke kiondolewe pale ambapo hakina kazi, na sehemu nyingi hakina. Na mtahini asipewe dakika hata moja ya kujadili shingo ya mtu.

Tangu 2017 kiapo cha Geneva, kile tunachowasomesha vijana siku ya kuhitimu wakiwa wameinua mkono, kinamtaka daktari awaheshimu walimu wake, na pia wenzake, na pia wanafunzi wake. Hayo mawili ya mwisho yaliongezwa kwenye kifungu hicho mwaka huo. Nilikuwa nimekisoma kiapo hicho kwa sauti jukwaani mara kadhaa kabla ya kugundua kwamba kinanihusu.

Mtaona sijaweka jina langu chini ya barua inayohusu majina. Nikiliweka, kwa wanaoifahamu wodi yangu kijana atajulikana kabla ya jua kuzama, na yeye hajanipa ruhusa hiyo. Amenipa ruhusa ya kusimulia, tumekubaliana nini kibadilishwe asitambulike.

Alimaliza mwaka wa sita. Hakwenda mafunzo ya kazini, kwa sababu barua ya kumpangia hospitali ingetoka na jina lile, na hospitali aliyodhani atapelekwa iko kwenye kaunti ya nyumbani kwao. Sasa ni mwaka wa nne yuko kampuni ya bima akisoma madai ya matibabu, akiamua kama daktari fulani alikuwa sahihi kuagiza kipimo fulani. Kazi hiyo anaijua. Wiki iliyopita aliniandikia kwamba anataka kurudi, anaomba nimjazie fomu ya kumpendekeza.

Fomu iko mezani. Nimejaza nimemfahamu kwa muda gani, uwezo wake, mwenendo wake, na kwenye nafasi ya maoni nimeandika kuhusu mama mwenye TB. Imebaki sehemu ya kwanza, inayosema: jina la mwombaji kama lilivyo kwenye cheti cha shahada. Nikiandika la kwenye cheti, nitakuwa nimesimama tena mlangoni mwa wodi nikipaza sauti. Nikiandika jina lake, fomu itarudishwa. Mwisho wa kupokea ni tarehe 30.

Mwenzenu,
Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani na mhadhiri